Joto la Chumba cha Seva

Mhamishi aliingia chumba cha seva saa mbili kamili asubuhi, akanyoosha miguu yake minane, akaanza kazi bila kungoja kukaribishwa. Alikuwa mtambo mdogo, upana wake kama sinia ya kulia wali, na kila mguu ulikuwa na ncha ya shaba iliyoweza kuingia katika tundu lolote la kompyuta iliyowahi kutengenezwa. Alipanda kabati la kwanza, akachomeka miguu sita na kujishikilia kwa miwili iliyobaki. Taa za kijani zikaanza kutembea mgongoni mwake. Kila taa iliyopita ilikuwa sehemu ya kampuni inayoondoka Njombe: majina ya wakulima elfu nne, ramani za mashamba, vipimo vya kila parachichi lililochumwa tangu mwaka 2061, mikataba, zamu za wafanyakazi, hata orodha ya wanaokunywa chai bila sukari kantini.

Injinia Yusta Mwalongo alisimama mlangoni akimtazama. Alikuwa ameisubiri asubuhi hii kwa miaka mitatu, na sasa ilipofika hakujua mikono yake aiweke wapi.

Mahali kampuni ilipokuwa inahamia paliitwa Wingu. Jina lilikuwa la mazoea tu, limerithiwa kwa wazee, kwa sababu Wingu lenyewe halikuwa angani. Lilikuwa chini ya nyasi za uwanda wa Kitulo, katika mahandaki yaliyopozwa bure mwaka mzima na baridi ya Makete. Humo kompyuta laki kadhaa zilifanya kazi kwa pamoja kama moja. Mwenye biashara hakuhitaji tena kununua mashine, kuzilinda, kuzipoza na kuhangaika nazo zikizeeka. Alikodi nguvu ya kuhesabu kama anavyotumia maji ya bomba, akafungua koki sana wakati wa mavuno na kuibana mavuno yakiisha. Tena kila kilichowekwa Kitulo kilikuwa na nakala yake Lushoto na nyingine Mbulu, ili balaa likitokea sehemu moja zibaki mbili.

Balaa Yusta alilijua kwa jina na tarehe. Miaka mitatu nyuma, mwezi wa pili, radi ilipiga paa la ofisi na kuunguza seva mbili pamoja na nakala zake za akiba, maana akiba ilikuwa imewekwa katika kabati lile lile. Mafunzo yote aliyosoma Dodoma yalimkataza kufanya hivyo, naye alifanya, kwa sababu kabati lilikuwa na nafasi. Wiki ile makasha arobaini ya parachichi yalikwama bandarini Mtwara. Hakuna aliyeweza kuthibitisha yalitoka shamba gani, na bila uthibitisho hakuna mnunuzi aliyethubutu kuyagusa. Yaliiva humo humo, yakaoza. Watu sitini walisimamishwa kazi, na Yusta alikuwa akikutana nao sokoni.

Ndiyo maana alimfuata mkurugenzi kwa miaka mitatu kwa hoja ile ile. Mkurugenzi Gaudensi Luvanda, aliyeirithi kampuni kwa baba yake, alikuwa mtu wa kupenda vitu vya kushikika.

"Mashine ninayoweza kuipiga kofi ikigoma, hiyo naielewa," alikuwa akisema. "Hilo Wingu lako nitalipiga kofi wapi?"

Mwishowe alikubali, nusu kwa kuelewa na nusu kwa kuchoka.

Mhamishi alipofika kabati la nne alisimama.

"Injinia Mwalongo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya karani aliyelelewa vizuri. "Nimekuta kazi mia tatu na kumi na mbili zinazofanywa na mashine hizi. Zote zina maandishi. Je, kuna kazi nyingine zinayoifanya ambayo haikuandikwa?"

"Hakuna."

"Naomba ufikiri tena. Sehemu nyingi nilizopita, huwa ipo moja."

Yusta alifikiri. Ukweli usemwe, alifikiri kweli kweli, hakumjibu mtambo ovyo. Alikuwa amezitunza seva hizi miaka kumi na moja. Alijua feni ipi inapiga kelele ikipata vumbi na ipi inaanza kuchoka saa tisa alasiri. Alizipitia moja moja kichwani: mizani, maghala ya baridi, malori, mishahara, kamera za geti.

"Hakuna," alisema tena. "Endelea."

Mhamishi akaendelea. Kwa upande wa Yusta kazi ilikuwa imekamilika muda mrefu, kwani ripoti ya maandalizi ilikuwa na kurasa sitini na Yusta alikuwa ameitia sahihi kila ukurasa. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na jedwali la hasara zitakazoondoka. Mstari wa tano ulisema hivi: joto linalotoka kwenye seva kupitia matundu ya ukuta wa nyuma, hasara; baada ya kuhama, sifuri. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Yusta, kubwa na ya kujiamini.

Saa nne na nusu taa za kijani ziliacha kutembea.

"Kampuni yenu sasa iko Kitulo," Mhamishi alisema. "Nimehakiki mara tatu. Naomba ruhusa ya kuzima."

"Ruhusa umepewa."

Feni zilizima moja baada ya nyingine, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba Yusta alisikia mapigo ya saa yake ya mkononi. Sheria ya Wingu haikuruhusu nakala ya zamani ibaki hai, isije ikaibwa au ikaanza kubishana na nakala mpya. Kwa hiyo Mhamishi alizifuta seva zote, na roboti wachukuzi wawili wakazibeba hadi kwenye lori la kiwanda cha kufungua mashine chakavu. Ilipofika saa sita, chumba kilibaki na alama za miguu ya makabati sakafuni na ubaridi wa mwezi wa saba uliokuwa ukingojea nje muda wote huo. Umeme uliokuwa ukiziendesha seva ulirudishwa mjini dakika ile ile zilipozimwa. Hiyo nayo ilikuwa mojawapo ya faida.

Faida nyingine haikuchelewa kujionyesha. Saa saba mkaguzi wa mnunuzi mmoja wa ng'ambo alitaka historia ya kasha moja lililokuwa Mtwara. Zamani swali kama hilo lilimtoa Yusta jasho nusu siku. Mkurugenzi alilisoma kwa sauti, na kabla hajafika mwisho wa sentensi jibu lilikuwa kwenye kioo cha ukutani: shamba, mti, siku ya kuchumwa, joto la kila saa njiani.

Mkurugenzi alitazama ukuta, akamtazama Yusta, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa na mafua tangu Jumamosi.

"Injinia, mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia miaka mitatu, Mkurugenzi."

"Hukusema hivi. Ulisema kwa majedwali."

Wakawa wanakunywa chai na vitumbua katika ukumbi wa kufungashia, wafanyakazi wote, wakati mikono ya roboti ikiendelea kugonga kila parachichi kwa kidole na kusikiliza limeiva kiasi gani. Yusta alikuwa na furaha ya wazi, ya mtu aliyesema jambo na likawa. Kwa mara ya kwanza tangu ile radi alikula kitumbua cha pili.

Mlinzi wa geti ndiye aliyemleta mgeni, saa nane na dakika chache. Alikuwa mwanamke wa makamo katika sare nyeupe ya unesi na sweta la bluu juu yake, mikono imelowa ukungu. Hakuwa anakimbia, lakini alikuwa amekuja kwa mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie.

"Kamweneni," alisalimia kwa Kibena, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. "Naitwa Sista Enelika Mgimba, wa kituo cha afya hapo nyuma yenu. Samahani kuwakatizia sherehe. Nani anahusika na zile mashine za joto?"

"Mashine gani za joto?" mkurugenzi aliuliza.

"Hizo zenu. Zinazotoa moto ukutani. Huwa mnazizima kwa saa moja hivi mkizisafisha, halafu mnawasha. Leo naona saa ya nne inaingia."

Yusta aliweka kikombe mezani. Mwili wake ulielewa kabla ya akili.

"Sista, upande wa pili wa ule ukuta kuna nini?"

"Chumba cha watoto njiti," Sista Enelika alisema.

Mkurugenzi alikaa kwenye kreti tupu. Ilimjia taratibu, na alipoanza kueleza alikuwa anajieleza mwenyewe zaidi kuliko wao. Miaka tisa iliyopita, marehemu baba yake, Mzee Luvanda, alikuwa na mazungumzo na nesi mkuu wa wakati huo aliyekuwa akilalamikia baridi inayoua watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mzee aliuliza kwa nini hewa ya moto ya seva imwagwe barabarani wakati jirani anatetemeka. Akamwita fundi, akatoboa matundu manane kwenye ukuta wa pamoja, akaweka nyavu za chuma, kazi ya siku moja. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Walipeana mkono, wakaachana.

"Alinitajia," mkurugenzi alisema. "Mara moja. Nikadhani ni stori tu za mzee."

Wakati huo Yusta alikuwa Dodoma kozini. Aliporudi alikuta matundu, akaambiwa ni ya kutolea joto, akaridhika. Kituo cha afya kilitazama mtaa mwingine, na kukifikia kulikuwa kuzunguka eneo zima. Miaka tisa hakuwa na sababu ya kuzunguka.

Sasa walizunguka, karibu mbio. Njiani Yusta alipiga simu kwa kiwanda cha mashine chakavu. Aliyepokea alikuwa roboti mwenye adabu. Seva zilikuwa zimeshafunguliwa, alisema, na shaba yake imeshatenganishwa na plastiki. Akamshukuru kwa kutunza mazingira.

Chumba cha njiti kilikuwa kidogo na kisafi, kimepakwa rangi ya maziwa. Kwenye ukuta wa nyuma matundu manane yalipangwa kwa mistari miwili. Yusta aliweka kiganja kwenye moja, akakuta ubaridi wa kawaida wa tofali. Kipimajoto cha mlangoni kilisoma nyuzi ishirini na moja.

"Kikawaida kiko ishirini na tisa," Sista Enelika alisema. "Saa moja iliyopita kilikuwa ishirini na nne."

Watoto walikuwa watatu. Wawili walikuwa pacha, wamelala kifuani kwa mama yao ngozi kwa ngozi, wamefunikwa kwa khanga mbili na blanketi, na mama huyo aliwaamkia wageni kwa kope tu, asije akawatikisa. Wa tatu alikuwa peke yake katika kitanda cha kioo. Alikuwa amezungushiwa pamba na mataulo, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, na kando yake zilikuwa zimepangwa chupa za maji ya moto. Alikuwa mtoto wa kike wa siku tano, mwenye kilo moja na gramu mia tatu na arobaini.

"Mama yake yuko wapi?" Yusta aliuliza.

"Alianza kutokwa damu jana, wamemrusha Mbeya alfajiri kwa ambulensi ya anga. Anapasuliwa. Mumewe yuko naye, anamtolea damu." Sista alishika mguu wa mtoto, mguu mdogo kuliko kidole chake gumba. "Huyu ana nyuzi thelathini na tano nukta moja. Akishuka chini ya hapo ataacha kunyonya, halafu ataanza kusahau kupumua. Ndivyo wanavyotuaga."

"Hita?"

"Nimeazima. Niliichomeka saa saba na nusu, baada ya dakika nne Mgao ukaikata."

Mgao ulikuwa mtambo wa kugawa umeme wa mji, na haukuwa na chuki wala upendeleo. Ulitazama kumbukumbu tu. Aliyetumia sana jana alipewa kwa ajili ya leo, asiyetumia hakupewa. Kwa miaka tisa chumba hiki hakikuwa kimetumia umeme wowote wa kupashia joto, kwa hiyo mahitaji yake yalisomeka sifuri. Sista alikuwa ametuma ombi la kubadilishiwa. Jibu lilisema litashughulikiwa ndani ya siku kumi na nne.

"Tuvute waya kutoka kwetu," mkurugenzi alisema.

"Umeme wetu Mgao umeufunga mashine kwa mashine, hauhamishiki," Yusta alimjibu. "Wa seva tumeurudisha saa nne na nusu. Mimi ndiye niliyesaini."

"Basi jiko la mkaa."

"Humu ndani?" Sista Enelika alimtazama kama anavyotazama wanaume wanaotaka kuvuta sigara wodini. "Moshi utawamaliza kabla ya baridi."

"Tumpeleke hospitali kubwa."

"Chombo cha kusafirishia njiti kiko Iringa, nimeshakiomba, kitafika keshokutwa. Kumtoa nje kwenye ukungu huu kwa mikono mitupu hafiki getini."

Yusta alivaa miwani yake ya kazi. Jana miwani hiyo isingeona kitu nje ya ukuta wa kampuni. Leo, kwa kuwa kila kitu kilikuwa Winguni, ilimfungulia kumbukumbu zote pale pale alipokuwa, kando ya kitanda cha kioo. Aliomba vipimo vya joto la ukuta wa nyuma wa chumba cha seva, kila saa, kwa miaka tisa. Kwenye seva za zamani kazi hiyo ingemla hadi kesho mchana. Wingu lilimletea kabla hajashusha mkono. Aliandika ombi jipya kwa Mgao, akaambatanisha vipimo elfu sabini na tisa, akaeleza kwa sentensi tatu kwamba umeme uliokuwa ukipasha chumba hiki ulikuwa ukipita kwa jirani, na kwamba jirani ameuachia leo.

Mgao ulifikiri kwa sekunde kumi na moja, muda mrefu kwa mtambo wa aina yake. Ukakubali hoja. Muda wa kubadilisha ukashuka kutoka siku kumi na nne hadi siku sita, kwa sababu mgao wa wiki hii ulikuwa umeshagawiwa na hakuna mtambo wenye uwezo wa kuugusa.

"Sita," Yusta alisema kwa sauti ya kukata tamaa.

"Thelathini na nne nukta tisa," Sista Enelika alisema. Alikuwa anasoma kipimo cha mtoto.

Mama wa pacha aligeuza uso ukutani. Yusta aliona aibu, aibu ya mtu mzima aliyeulizwa mara mbili kwa upole na mara mbili akajibu kwa uhakika. Alitamani kulia, akaona atakuwa anamwongezea Sista kazi.

Sista Enelika alivua sweta lake, akalitundika mlangoni.

"Ningembeba mimi, lakini nina wawili wanaojifungua chumba cha pili na mmoja amefikia kusukuma. Mhudumu wangu ana mafua. Wewe," alimwambia mkurugenzi, "nimekusikia unakohoa tangu kule kwenu, hata usimsogelee." Kisha akamgeukia Yusta. "Injinia, una kikohozi?"

"Sina."

"Homa? Ugonjwa wa ngozi?"

"Sina. Lakini Sista, mimi si mama yake."

"Una joto la nyuzi thelathini na saba. Kwa sasa hahitaji kingine. Kanawe mpaka kwenye viwiko, uvue shati."

Mkurugenzi alitoka nje haraka kuliko alivyoingia. Yusta alinawa. Maji yalikuwa ya baridi, akaisugua mikono kwa taulo mpaka ikapata moto. Mtoto wake mwenyewe, binti anayesoma bweni Songea, alikuwa na miaka kumi na sita. Tangu huyo hakuwa amebeba kichanga. Alikaa kwenye kiti cha kuegemea. Sista alimfungua mtoto kutoka kwenye mataulo, akamvua kila kitu isipokuwa nepi na kofia, akamweka kifuani kwa Yusta, sikio likiwa juu ya moyo, miguu imekunjwa kama ya chura. Akamzungushia khanga, akaikaza, akaweka blanketi juu.

Yusta alitarajia uzito. Hakuusikia. Alichosikia ni ubaridi, ubaridi wa kitu kilichosahauliwa nje, umemgusa katikati ya kifua na kukaa.

"Usimpapase," Sista alisema. "Tulia tu. Ukitulia na yeye atatulia." Akaenda kwa waliokuwa wakijifungua.

Saa tisa na nusu miwani iliita. Ilikuwa sauti ya mkurugenzi, akiwa dirishani upande wa nje, amewapa mgongo kwa heshima.

"Mtwara wanauliza makasha ya kesho. Nikamwite nani?"

"Usimwite mtu. Nayaona."

Aliyapanga makasha kumi na nane kwa kunong'ona, mtoto akiwa kifuani. Aliyagawa kwa lori, akarekebisha joto la ghala la tatu, akajibu barua ya wakulima wa Lupembe. Kila kitu kilitii. Alikuwa amemwahidi mkurugenzi kwamba siku moja mtu ataweza kuiendesha kampuni nzima akiwa amekaa popote, na ahadi ilikuwa ya kweli kwa kila neno. Alijua hilo wakati huo huo akihesabu pumzi za mtoto, na kila palipokuwa na pengo refu kidogo alikoma hata kunong'ona mpaka pumzi nyingine ije.

Saa kumi kipimo kilisoma thelathini na tano nukta nne. Saa kumi na nusu kilisoma thelathini na sita. Mtoto alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kutafuta ziwa upande ambao halikuwapo. Sista Enelika alileta maziwa kwenye kijiko kidogo na kumdondoshea tone moja moja, na kila tone lilipoingia alitoa sauti ya kuridhika kooni, Sista, siyo mtoto.

"Ni wangapi wamepita humu?" Yusta aliuliza. "Kwa miaka yote hii."

"Mia nne na kumi na mbili. Tumepoteza tisa."

"Na sisi hatukujua."

"Sisi tulidhani mnajua," Sista alisema.

Saa kumi na moja simu ya Sista iliita. Aliisikiliza kidogo, uso ukamfunguka.

"Mbeya. Leokadia ameamka. Mama yake huyu." Alimwinamia Yusta. "Amepasuliwa vizuri, ila hatulii, anataka kumwona mtoto kwa macho yake. Hiyo miwani yako inaonyesha picha?"

"Inaonyesha."

Aliiunganisha. Njia ile ile iliyobeba makasha ya parachichi ilibeba sasa chumba cha wodi huko Mbeya, na katikati yake uso wa msichana wa miaka ishirini na kitu, midomo imekauka, macho makubwa. Mwanamume kijana alimshikia mto nyuma ya kichwa. Yusta alivua miwani, akaishika kwa mkono ulionyooka ili imtazame mtoto.

Leokadia alitazama muda mrefu. Aliona kofia, aliona shavu, aliona mkono mmoja uliotoka nje ya khanga na kushikilia ngozi ya mtu asiyemjua.

"Sista," alisema, sauti nyembamba, "huyo aliyembeba ni nani?"

Sista Enelika alifungua mdomo. Yusta aliona kabisa jibu analotaka kulitoa, jibu la huruma, kwamba ni msamaria tu, jirani mwema. Akamwahi.

"Naitwa Yusta Mwalongo. Ni injinia wa hapa jirani. Leo asubuhi nimezima mashine zilizokuwa zinampa mwanao joto. Sikujua, lakini niliulizwa na nikajibu hakuna. Alishuka sana. Ndiyo maana nimembeba."

Yule kijana aliinua kichwa kutazama kioo, kisha akamtazama mkewe. Yusta aliendelea kuishika miwani, mkono ukianza kumuuma, na hakuushusha.

"Sasa hivi ana joto?" Leokadia aliuliza.

"Thelathini na sita nukta tatu."

"Na linapanda?"

"Linapanda."

Msichana alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. Alipofumbua macho, hayakuwa na hasira wala msamaha, yalikuwa na hesabu.

"Daktari anasema nitaruhusiwa siku ya nane," alisema. "Usimweke chini."